Majaruba, Zahanati na Kauli ya Mgonjwa

Kata ya Mwamkulu, katika Manispaa ya Mpanda mkoani Katavi, inaishi kwa mpunga. Msimu ukifika, wakubwa kwa wadogo huingia kwenye majaruba na kushinda humo majini. Maji hayo yanayolisha mpunga ndiyo makazi ya konokono wanaobeba vimelea vya kichocho, na ndimo mbu wa malaria hutaga mayai. Mtaalamu wa afya anaijua njia yote ya kichocho: kimelea hutoka kwa konokono, hupenya ngozi ya mtu aliye majini, hukua ndani ya mishipa ya damu, mayai yake hutoka kwa mkojo au choo na kurudi majini. Ushauri wake ni kwamba watu wasiingie kwenye maji yaliyotuama, na kisayansi ushauri huo hauna kasoro. Lakini mkulima anayeusikiliza anajua jambo jingine ambalo bango la zahanati halikuliandika. Asipoingia majini hapati mpunga, na asipopata mpunga hana nauli ya kwenda Mpanda mjini siku mtoto wake atakapozidiwa.

Katika mazungumzo ya haki za mgonjwa tunasema kila siku kwamba mgonjwa achague akiwa na taarifa kamili. Tunapolisema hilo tunadhani taarifa zote ziko kwa mtaalamu, na kwamba kazi iliyobaki ni kumfikishia mgonjwa kwa lugha nyepesi. Mkulima wa majaruba anaonyesha upungufu wa dhana hiyo. Taarifa za daktari ni nusu tu ya uamuzi. Nusu ya pili anayo mkulima, nayo ni habari za ratiba ya maji, deni la mbolea, nani atabaki na watoto, ni mwezi gani nyumba ina fedha na mwezi gani haina. Uamuzi uliofanywa bila nusu hiyo haujakamilika, hata kama fomu imesainiwa.

Mwaka 2008 mkoani Morogoro jambo hili lilitoka zahanati likafika barabarani. Shule za msingi ziligawa dawa za kichocho na minyoo kwa wanafunzi. Baadhi ya watoto waliomeza walipatwa na madhara, habari ikaenea mitaani kwa hofu kubwa, wazazi wakakimbilia shuleni, ghasia zikazuka na ugawaji ukasimamishwa. Ilikuwa rahisi kusema wazazi wamepotoshwa na uvumi. Mwanaanthropolojia Julie Hastings, aliyelichunguza tukio hilo, alikuta kwamba hofu ya wazazi ilikuwa na mantiki yake: hawakuwa wameelezwa vya kutosha dawa ni ya nini, na hawakuelewa kwa nini dawa ya bure iletwe kwa watoto ambao hawajalalamika ugonjwa.

Tazama sasa upande wa dawa yenyewe. Prazikwanteli, dawa ya kichocho, hujulikana kwa kuleta kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na madhara hayo hupungua mtu akiimeza baada ya kula. Shuleni dozi hukadiriwa kwa kumsimamisha mtoto kwenye fimbo yenye alama za urefu, kwa sababu mizani ya kumpima kila mtoto ni kazi kubwa. Fimbo hupima urefu wa mtoto, lakini haiwezi kusema kama amekula. Anayejua iwapo mtoto alikunywa uji asubuhi ile au aliondoka na njaa ni mlezi wake. Ujuzi huo ni wa kitiba kabisa, unagusa usalama wa dawa moja kwa moja, na unapatikana kwa kuuliza tu. Katika kutouliza huko ndiko ninakoona kosa kubwa kuliko uvumi wote wa Morogoro.

Katavi ina kumbukumbu ndefu zaidi ya watu kutoulizwa wanachokijua. Kuanzia miaka ya 1920 serikali ya Waingereza, ikipambana na malale katika magharibi ya Tanganyika, iliwahamisha watu waliokuwa wametawanyika porini na kuwakusanya kwenye makazi makubwa, ili vichaka vikatwe na ndorobo wanaoeneza ugonjwa huo wakose pa kujificha. Wakonongo na Wapimbwe waliishi matokeo ya sera hiyo. Madaktari wa wakati huo walikuwa na hadubini na walijua kimelea kinafananaje. Lakini mwaka 1971 John Ford, mtaalamu wa wadudu aliyefanya kazi miaka mingi katika Afrika ya Mashariki, alichapisha kitabu kinachoonyesha kwamba jamii za Kiafrika zilikuwa zimejifunza kuishi jirani na ndorobo. Zilijua wapi pa kulima, wapi pa kuchungia, vichaka gani vichomwe na vipi viachwe kati ya makazi na pori. Uwiano huo ulivunjwa na sotoka ya miaka ya 1890, njaa, vita na hatua za kikoloni zenyewe. Wataalamu walipofika walikuta watu wanaugua, wakahitimisha kwamba wagonjwa hawa hawajui kitu.

Hitimisho hilo bado liko nasi. Lipo katika swali ambalo mama yeyote aliyewahi kumpeleka mtoto zahanati amelisikia: "Mama, kwa nini umechelewa?" Nesi anayeuliza hana nia mbaya, amechoka, foleni imefika nje, na kweli mtoto amechelewa. Lakini swali halisubiri jibu. Mama husema, "Samahani dokta," na sababu zake zote za kuchelewa hubaki kwake. Mlipuko wa surua uliotokea Mpimbwe, mkoani humuhumu, kati ya mwaka 2022 na 2023 uliua watoto zaidi ya 10, na wengi walioathirika hawakuwa wamechanjwa. Mtu anaweza kuita jambo hilo ujinga wa wazazi, na kazi ikaishia hapo. Anaweza pia kuuliza familia zinazohamia mashambani au zinazofuata malisho zilijua nini kuhusu siku za kliniki, umbali na mapokezi. Njia ya pili ni ngumu zaidi, na ndiyo inayoweza kumfikia mtoto wa mwaka unaofuata.

Serikali ya Tanzania yenyewe imewahi kujaribu njia hiyo, na kwa kiwango kikubwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio nchi nzima. Kikundi kilisikiliza kipindi, kikasoma kijitabu, kisha kikajadili: ugonjwa huu kijijini kwetu unatoka wapi, sisi wenyewe tutafanya nini? Watu walichimba vyoo, wakafyeka majani, wakasafisha visima. Hata hivyo miaka hiyohiyo ndiyo ya Operesheni Vijiji, ambapo wengi walihamishwa bila kuulizwa. Kwa hiyo wananchi walewale walialikwa kujadili choo na hawakualikwa kujadili mahali pa kujenga nyumba. Ninaliona hilo kama fundisho kuhusu mipaka ya ushirikishwaji wetu. Mara nyingi mwananchi huitwa kujadili namna ya kutekeleza jambo ambalo tayari limekwisha kuamuliwa.

Sehemu ngumu kuliko zote ya suala hili iko nyumbani. Maandishi mengi kuhusu ridhaa ya mgonjwa humfikiria mtu mmoja aliyekaa mbele ya daktari, akipima faida na hatari. Mwaka 1978 John Janzen, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakongo wa Zaire ya chini, alieleza kwamba mgonjwa huzungukwa na kundi la ndugu wanaosimamia tiba yake: wao ndio hukusanya fedha, huchagua waende hospitali au kwa mganga, na huamua lini waache. Mtu wa Katavi hahitaji kitabu kujua hilo. Anayeugua ni mmoja, wanaoamua ni wengi. Mama mkwe ana kauli, mume ana kauli, kaka mwenye pikipiki ana kauli kubwa kuliko anavyojua.

Sipendi kulisifu kundi hilo kupita kiasi. Ndilo linalompakia mgonjwa nyuma ya baiskeli usiku wa manane. Ndilo pia linaloweza kumnyamazisha msichana wa miaka 16. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, kiwango kilichokuwa juu kuliko mikoa yote, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27. Katika maamuzi yanayojenga takwimu hiyo, ujuzi wa msichana mwenyewe kuhusu mwili wake na hofu zake huhesabiwa mwisho, nyuma ya daktari na nyuma ya ukoo. Kwa hiyo mtu akisema "tuisikilize jamii", ninauliza mara moja: nani katika jamii?

Mwanaanthropolojia Denise Roth Allen, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu uzazi kwa Wasukuma wa mkoa wa Shinyanga, alionyesha pengo hili kwa undani, na yanayosemwa humo yanaihusu Katavi, kwa kuwa familia nyingi za Kisukuma zimehamia huku na mifugo yao kwa miongo kadhaa. Kliniki ilikuwa na orodha yake ya vihatarishi: umri mdogo, umri mkubwa, ufupi, mimba nyingi. Wanawake walikuwa na vihatarishi vyao, na kimoja kikubwa hakikuwamo kwenye kadi ya kliniki, nacho ni kutopata mtoto kabisa. Kwa mwanamke ambaye nafasi yake nyumbani inategemea uzazi, ugumba ni hatari ya maisha.

Ukilielewa hilo, maneno yanayosemwa kuhusu uzazi wa mpango yanaanza kusikika upya. Mwanamke anasema sindano inaziba kizazi. Mhudumu anamjibu kwamba hiyo ni imani potofu, na anageukia mgonjwa mwingine. Lakini inajulikana kitabibu kwamba baada ya sindano ya miezi mitatu uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi, na kwa wastani huchukua miezi 9 hadi 10 tangu sindano ya mwisho. Jirani yake aliyeacha sindano na kukaa karibu mwaka mzima bila mimba hakuota ndoto. Aliona jambo la kweli na kulitafsiri vibaya, kwa sababu hakuna aliyemwambia litatokea. Mhudumu angesema, "Ni kweli mama, inachelewa, halafu inarudi, ukitaka kushika mimba mapema, kijiti au kitanzi vikitolewa uwezo hurudi haraka," wote wawili wangekuwa wamesema ukweli na mwanamke angekuwa na cha kuchagua. Neno "potofu" lilifunga mazungumzo wakati ambapo elimu ya daktari na elimu ya jirani zilikuwa zimekaribiana sana.

Kuhusu waganga wa kienyeji, kuna pande mbili zinazopiga kelele na zote hunichosha. Upande mmoja huwaona wote matapeli, mwingine huwaona wote hazina ya mababu. Sheria ya nchi imeshawatambua: Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilipitishwa mwaka 2002 na kuunda baraza la kuwasajili, na kitengo cha utafiti wa dawa za asili kilianzishwa Muhimbili tangu 1974. Kimataifa hakuna aliyesahau kwamba dawa mseto ya malaria tunayoitumia nchini tangu 2006 ina asili yake kwenye mmea wa tiba ya Kichina, na kwamba Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2015 kwa kazi hiyo. Ila tukumbuke alichofanya. Alisoma maandiko ya kale, akachuja majani, akajaribu, akashindwa, akajaribu tena, kisha akamwaga matokeo mezani watu wengine wayakague. Mmea ulipata heshima kwa kukubali kupimwa.

Mwaka 2011 kijijini Samunge, Loliondo, maelfu ya watu walipanga foleni ya magari ya kilomita nyingi ili kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Wengine walifia kwenye foleni. Wapo waliokuwa wakitumia dawa za kufubaza virusi walioziacha wakiamini wamepona. Watu hao walichagua kwa hiari, kwa matumaini makubwa, na walikuwa na taarifa nyingi mno: shuhuda, magazeti, picha za viongozi wakinywa. Walichokosa ni mtu wa kuaminika wa kuwaambia mapema na bila dharau, kunywa ukitaka, lakini usiache dawa zako mpaka upime tena. Mgonjwa wa VVU aliyekuwa akikaripiwa kliniki kwa kukosa tarehe alikuwa na sababu gani ya kurudi kuuliza?

Habari ya degedege inafanana na hiyo. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo katika miaka ya 1990 walikuta wazazi wengi wanampeleka kwanza kwa mganga mtoto anayetupa mikono na miguu kwa homa, kwa kuamini kwamba akidungwa sindano akiwa katika hali hiyo atakufa. Mtoto aliyefika hospitali akiwa mahututi, akachomwa sindano, akafariki, alikuwa ushahidi mbele ya macho ya ndugu zake. Sindano ilifuatwa na kifo. Hapa lazima nitamke bila kupepesa macho: degedege ya malaria kali inataka dawa ya malaria haraka, na saa zinazopotea ni uhai. Heshima kwa imani ya mzazi haiwezi kufika mahali pa kuuficha ukweli huo. Kadhalika ramli. Uganga wa kumtaja bibi kizee kuwa ndiye aliyemroga mgonjwa umeua watu katika mikoa ya magharibi na kanda ya ziwa, na mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli baada ya mauaji ya watu wenye ualbino. Mganga asiyekubali kuulizwa swali, dawa yake isikaguliwe, kauli yake isipingwe, hana tofauti na daktari jeuri. 

Kwa hiyo nasimama hapa. Dawa inafanya nini mwilini ni swali la ushahidi uliopimwa, na wingi wa wanaoamini haulijibu. Lakini maisha ya mtu yanaweza kubeba nini, hatari gani anaikubali kwa ajili ya nini, ni swali ambalo daktari hana mamlaka nalo hata akiwa na shahada tatu. Madhara mengi niliyoyataja, na mengine nitakayoyataja, yametokea mmoja alipojibu swali la mwenzake: ndugu walipoamua sindano inaua, au mhudumu alipoamua mwanamke huyu hahitaji kuzaa tena.

Mahakama zimeanza kuuona mpaka huo. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Montgomery. Mama mwenye kisukari na umbo dogo hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yanaweza kukwama wakati wa kujifungua, ingawa uwezekano ulikuwa asilimia 9 hadi 10, kwa sababu daktari aliona akimwambia angeomba upasuaji. Mahakama ikasema kipimo cha taarifa inayopaswa kutolewa ni kile ambacho mtu wa kawaida aliye katika nafasi ya mgonjwa angeona kina uzito, au ambacho daktari anapaswa kujua kina uzito kwa mgonjwa huyo mwenyewe. Mazoea ya madaktari peke yake hayatoshi. Kenya, kwa Sheria ya Afya ya 2017, inataka mgonjwa aelezwe hali yake, njia mbadala, faida, hatari, gharama na haki ya kukataa, na aelezwe kwa lugha anayoifahamu. Desemba 2022 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwapa fidia wanawake wanaoishi na VVU waliofungwa vizazi bila ridhaa yao ya kweli. Saini peke yake haikuwa ushahidi kwamba mtu ameelewa na kukubali.

Sharti la lugha lingekuwa na kazi kubwa Katavi. Wapo wazee wanaozungumza Kisukuma peke yake. Katika Katumba na Mishamo, makazi yaliyofunguliwa kwa Warundi waliokimbia mauaji ya 1972, wapo bibi ambao maumivu yao husemeka kwa Kirundi. Mkalimani zahanati huwa ni mjukuu. Mjukuu wa miaka kumi atamtafsiria vipi bibi yake habari za kutokwa damu ukeni?

Mfano ulio bora nchini wa ujuzi wa mgonjwa kupewa kiti ndani ya huduma yenyewe ni wa WAVIU washauri. Hawa ni watu wanaoishi na VVU, wanaotumia dawa, na wanaokaa kwenye kliniki za tiba na matunzo kuzungumza na anayeanza. Mshauri wa aina hiyo anajua dawa inavyomezwa nyumba yenye wageni, namna ya kumwambia mwenzi, la kufanya ukisafiri kwenda mashambani kwa miezi. Daktari hawezi kuyajua hayo kwa kusoma. Na mshauri huyo hashindani na kipimo cha wingi wa virusi, anakitumia. Elimu mbili zinakaa chumba kimoja, kila moja ikijua mahali pake, na mgonjwa ananufaika na zote.

Januari 2024 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ukilenga kuwafunza na kuwapeleka vijijini na mitaani wahudumu 137,294 kwa miaka mitano. Namba ni kubwa na nia ni njema. Wasiwasi wangu ni mwelekeo wa kazi yao. Mhudumu anayetumwa kupeleka ujumbe nyumba kwa nyumba, kisha kuripoti idadi ya nyumba alizofika, ataongeza sauti ya zahanati kijijini bila kuongeza sauti ya kijiji zahanati. Daftari lake likiwa na nafasi ya kuandika sababu ambazo watu wametoa kwa maneno yao wenyewe, na mganga mfawidhi wa zahanati akizisoma kila mwezi pamoja na hesabu ya dawa, kazi inabadilika.

Chombo cha kuzipokea sababu hizo tayari kipo. Zahanati za umma zina kamati za usimamizi zenye wajumbe kutoka kwa wananchi, na zinahusika na mipango na fedha za kituo. Kata ya wakulima wa mpunga inaweza kuitumia kamati hiyo kupanga kwamba siku ya dawa ya kichocho itangazwe mapema kwa wazazi, itanguliwe na uji shuleni, na isiangukie juma la kupandikiza wakati watoto wanaondoka nyumbani alfajiri bila kula. Inaweza kudai vyoo kandokando ya majaruba, maana kimelea hurudi majini kwa mkojo na choo cha mkulima ambaye hana mahali pengine pa kujisaidia. Prazikwanteli huua minyoo iliyomo mwilini leo na haimkingi mtu na maji ya kesho, hivyo swali la vyoo ni la kitiba sawasawa na swali la vidonge, na wanaojua vichimbwe wapi ni wale wanaoshinda humo shambani.